Draya ya Ghali, Mkono wa Mama na Namba Niliyoifuta

Mpendwa Mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie, na kabla hujanisaidia naomba usinicheke, maana nyumbani nimeshachekwa vya kutosha, tena kwa jambo ambalo wenzangu wa rika langu hata wasingelifikiria, nalo ni kununua draya, mashine ya kukausha nywele.

Nina miaka kumi na sita, nasoma sekondari, na kusema kweli mimi si mtu wa maneno, mwalimu akiniuliza swali jibu ninalo lakini linakwama kooni, ndiyo maana naandika. Mama yangu ni msusi. Chumba chetu cha mbele ndicho saluni yake: viti viwili, kioo kimoja, beseni la kuoshea nywele, na msumari ukutani ambapo draya yake ilikuwa ikining'inia mpaka wiki tatu zilizopita, ilipotoa cheche mbili na harufu ya plastiki inayoungua huku mteja amekaa, kichwa nusu kimekauka, nusu kinachuruzika. Hiyo ilikuwa ya tatu kufa tangu nianze sekondari. Zote tatu zilikuwa za bei rahisi, nzito, zenye kelele, na zote tatu Mama alizishika kwa mkono wa kulia, siku nzima, mkono juu. Sasa mkono huo haupandi sawasawa. Anamimina chai kwa kushoto, nguo za kuanika namwanikia mimi, na kila Jumapili asubuhi mimi ndiye ninayemchana yeye, msusi wa mtaa mzima, kwa sababu mkono wake haufiki kisogoni. Nikimuuliza anasema, "Uchovu tu huo, mama, utaisha." Mwaka wa pili huu unaisha.

Sasa nilishinda shindano la kuandika insha, nikapewa zawadi ya pesa kwenye bahasha, na siku hiyohiyo nikasema mezani kwamba nitamnunulia Mama draya, tena si ya rahisi, nataka ile iliyoko ndani ya kabati la kioo katika duka la vifaa vya saluni, ambayo bei yake ni mara nne ya nyingine. Mama akaweka kijiko chini, akasema, "Hela ya kalamu irudi kwenye kalamu. Nunua vitabu vyako." Mjomba, kaka yake mkubwa, fundi cherehani tunayeishi naye, yeye alicheka mpaka akapaliwa.

"Mara nne? Kwani hiyo inapuliza upepo wa peponi? Upepo ni upepo, Profesa!"

Profesa ndilo jina alilonipa, na hakunipa kwa kunisifu.

Mimi ambaye huwa nanyamaza, siku hiyo sikunyamaza. Nikamwambia, "Mjomba, boksi lake limeandikwa inakausha kwa nusu ya muda."

"Boksi? Hata boksi la sabuni lina picha ya msichana anacheka. Wewe umewahi kucheka ukifua?"

Nikasema basi nitapima mwenyewe. Akasema pima, ikifika nusu ya muda nanyamaza na nitaibeba mwenyewe kutoka dukani hadi hapa, isipofika utanunua ya rahisi na kelele ziishe. Nikakubali, nikapeana naye mkono, Mama akiona.

Mshauri, nilipima kwa haki. Muuza duka ni mteja wa Mama, akaniruhusu Jumamosi asubuhi, kabla watu hawajajaa, nizijaribu zote mbili. Nilikata wigi kuukuu vipande vilivyo sawa, nikavilowesha kwa maji ya kiasi kimoja, nikavitundika kwenye hanga, na draya nikaziegemeza kwa zamu juu ya stuli na rundo la vitabu, umbali uleule, ili mkono wangu usije ukachoka, ukayumba, ukaharibu jaribio. Nilirudia mara tatu. Ya rahisi ilichukua dakika kumi na nne. Ya ghali ilichukua kumi na moja. Si nusu. Hata jirani ya nusu si.

Nikaondoka na daftari langu, na kabla sijafika nyumbani nikasimama kwenye kivuli cha ukuta wa shule, nikafuta kumi na moja, nikaandika saba. Huwa naandika kwa penseli, ni mazoea yangu ya maabara. Sijamwonyesha mtu. Nimemwambia Mjomba bado nakokotoa, na kila jioni akiingia ananiuliza, "Profesa, majibu yametoka au yamekwenda likizo?"

Sijawahi kudanganya katika daftari lolote, hata siku ambayo darasa zima lilinakili majibu ya fizikia na mimi peke yangu nikapata sifuri yangu halali. Lakini pia sitaki, narudia, sitaki, Mama ashike tena kile kitu kizito kwa sababu ya namba moja. Mjomba ananiita mkaidi, na niwe mkaidi. Yeye mwenyewe mkasi wake wa ghali hauguswi na mtu, mwaka jana niliukatia karatasi ya kufunikia daftari, nikasemwa mpaka jirani akazima redio ili asikilize, lakini chombo cha Mama ndicho cha kutafutiwa cha rahisi. Je, nimwonyeshe saba? Au nimwonyeshe kumi na moja nishindwe? Na hiyo draya ya ghali ina thamani kweli, au mimi nimependa tu kabati la kioo? Nijibu upesi, kabla Mama hajaazima nyingine mbovu.

Ni mimi,
Binti wa Msusi

MSHAURI ANAJIBU

Binti wa Msusi, marahaba. Sikukucheka. Nilicheka mara moja tu, kwenye boksi la sabuni, na hiyo ni haki ya Mjomba wako.

Tuanze na ile saba. Mwanangu, hapo umeniudhi. Ulimkabili mtu mzima mezani bila kutetemeka, halafu ukaenda kujificha nyuma ya kifutio? Ungemwonyesha hiyo saba, siku ya kwanza tu Mama angekausha kichwa cha mteja huku Mjomba anatazama saa, na wewe ungeumbuka palepale. Ukimaliza kusoma hapa, kabla hujala, kabla hujavua sare, rudisha kumi na moja mahali pake.

Umerudisha? Haya, sasa nisikilize, maana wewe ni mtoto wa akili na kosa lako ni la watu wenye akili. Umesema draya uliziegemeza kwenye vitabu ili mkono usichoke. Soma tena maneno yako. Ulijua mkono unachoka, ukautoa kwenye jaribio! Barua nzima unaniambia habari za mkono usiopanda, mkono usiofika kisogoni, mkono usioweza hata birika, kisha ukaenda dukani ukapima kila kitu isipokuwa huo. Nani alikuambia swali ni dakika? Boksi. Mjomba akalidaka swali la boksi, nawe ukapeana naye mkono juu yake. Mama yako hajawahi kulalamika kwamba nywele zinachelewa kukauka.

Kwa hiyo dau umeshindwa, na ukubali. Mwambie, "Mjomba, ulikuwa sahihi, boksi limetudanganya." Mwache afurahi, hata wimbo aimbe. Halafu msubiri akiwa kazini, mkasi mkononi, umuulize kwa adabu kwa nini hakununua ule unaouzwa pamoja na pini na vifungo. Mkasi si mkasi? Ukishauliza usiongeze neno. Kunyamaza unakuweza, mwenyewe umesema.

Kama draya hiyo ina thamani, mimi sijui, na wewe bado hujui. Kuna vitu ghali ambavyo ughali wake wote uko kwenye rangi, na umefanya vizuri kulihofia kabati la kioo. Mpeleke Mama dukani. Usimletee zawadi ya kumshtukiza, mkono ni wake, achague mwenyewe. Ashike draya ikiwa inapuliza, mkono juu, kwa muda wa kukausha kichwa kizima, na kichwa hicho kiwe chako. Leo moja, siku nyingine ya pili, ili mkono usianze ukiwa umeshachoka. Usimuulize kama ni nzuri, atakujibu zote nzuri, mama zetu ndivyo walivyo. Wewe tazama kwenye kioo ni dakika ya ngapi anahamishia mkono wa kushoto. Hiyo ndiyo namba uliyokuwa unaitafuta. Zipime zote mbili kwenye mizani, uliza waranti ni ya muda gani na waigongee mhuri mbele yako, uliza vipuri vinapatikana wapi. Na fundi umeme aitazame soketi ya chumba cha mbele. Draya tatu kufia kwenye soketi moja, mimi hainikai sawa.

Ya ghali ikiwa nzito kama zile za zamani, iache kabatini, na uwe jasiri wa kuiacha kama ulivyokuwa jasiri wa kuitaka. Ikiwa nyepesi na Mama akamaliza kichwa bila kuhamisha mkono, inunue, kwa zawadi yako uliyoitolea jasho. Akikutajia vitabu, mwambie kitabu utaazima kwa mwenzako, yeye mkono ataazima kwa nani? Lakini hakuna draya inayotibu. Maumivu ya miaka miwili hayaitwi uchovu, na wiki hii, kabla ya duka, mkono huo uonwe na daktari. Akikataa, mkatalie kukataa kwake. Mjomba hakukosea jina, wewe ni mkaidi kwelikweli, na mimi sikuombi uache.

Fungua ukurasa mpya wa daftari, uandike juu kabisa: Mkono. Na safari hii tumia kalamu ya wino.