Anwani ya Sanduku la Mitumba

Jumapili, Julai. Manyunyu tangu asubuhi, nguo kwenye kamba zimegoma kukauka, na mimi nimenuna.

Shajara, leo sina subira, kwa hivyo nivumilie.

Baba alipopata kiharusi, maneno yalimtoroka. Unaona kabisa neno limemfika mdomoni, kisha linarudi lilikotoka. Isipokuwa akishika rimoti ya gemu. Daktari wa mazoezi alisema tumtafutie kitu cha kuchezesha vidole, nikamnunulia mashine ya gemu, na humo ndani nikamuundia timu yake ya kiwandani, ile aliyoidakia ujanani kule Industrial Area. Majina ya wenzake niliyaulizia kwa wazee waliobaki, nikayabandika moja moja. Wafula winga wa kulia. Kamau beki. Langoni Baba mwenyewe, tena mwenye nywele.

Siku ya kwanza alipomwona Wafula anakimbia na mpira, akapaza sauti: "Wafula, toa! Toa pasi!"

Nilikuwa nakata sukuma wiki jikoni. Niliweka kisu chini nikalia.

Tangu hapo maneno yake yako humo. Hawezi kuomba maji, lakini Kamau anamgombeza vizuri sana.

Sasa Kamau hayupo.

Wenye kampuni ya hizo mashine wameamua kuhakiki kila mteja anaishi wapi. Nilipofungua akaunti ya gemu, Kenya haikuwa kwenye orodha yao. Pesa zetu wanazipenda, nchi yetu hawaijui. Kila mtu hapa mtaani alifanya nilichofanya mimi: unachagua nchi ya watu, unajaza anwani ya huko, maisha yanaendelea. Yangu niliitoa kwenye kibandiko cha sanduku la mitumba nililonunua soko la Gikomba. Kwa kampuni, basi, mimi na Baba si watu wa Tassia, hapa Nairobi. Tunaishi kwenye barabara fulani ya mbali ambayo jina lake siwezi hata kulitamka, na juzi wameniomba bili ya stima ya nyumba hiyo. Mpaka niilete, akaunti imefungwa.

Mama, Mungu amlaze pema, alizoea kusema njia ya mwongo ni fupi. Angekuwa hai ningemwambia njia ya mkweli nayo haipo kabisa. Nikisema niko Kenya, wanajibu kwamba akaunti haihamishwi nchi, nifungue mpya. Na hiyo mpya nayo itaniuliza anwani, na Kenya bado haimo orodhani. Nimeshikwa pabaya.

Mashine yenyewe haina pa kutia CD. Walianza kuziuza hivyo, bei yake ilikuwa nafuu kidogo, nikajiona mjanja. Kila kitu nilichonunua, hata timu ya Baba, kiko kwenye akaunti, na akaunti iko mikononi mwao. Mimi nimebaki na kisanduku cheusi cha kupanguza vumbi.

Nilishuka kwa Kevo, kijana mwenye chumba cha gemu pale chini. Akatikisa kichwa. "Auntie, hiyo ishaenda. Lakini si umlete mzee hapa? Mimi bado niko na za CD."

Kevo ana roho nzuri. Lakini kwenye CD yake hakuna Wafula. Na sisi tuko ghorofa ya tano, lifti hakuna. Mara ya mwisho Baba kuteremka, vijana walimbeba kama gunia la viazi kumpeleka kliniki, naye akafunika uso kwa ule mkono mzima ngazi zote hadi chini. Simrudishii aibu ile kwa ajili ya kwenda kutazama wachezaji asiowajua.

Nina hasira, Shajara. Nina hasira na watu ambao hawajui kama nipo.

Leo baada ya misa ya redioni Baba alijivuta mwenyewe hadi kwenye kiti chake, akachukua rimoti, akabonyeza. Yakaja yale maandishi yao. Akabonyeza tena. Akanigeukia.

"Mpira?" akasema.

Neno la kwanza tangu watufungie. Lilimtoa jasho. Ningemwambia nini, habari za sanduku la mitumba?

"Ni haftaimu, Baba," nikasema. "Wamepumzika kidogo."

Akaitikia kwa kichwa, ametulia. Kipa amezoea kungoja. Chakula cha mchana amekula rimoti ikiwa mapajani, nilipotaka kuiondoa akaishika. Hata sasa ninapoandika yuko pale, anaitazama televisheni niliyoizima.

Kesho nitawaandikia tena hao watu. Lakini Baba amedaka mpira miaka mingi, anajua haftaimu huwa fupi. Akiniuliza tena, neno hilo hilo moja alilobaki nalo, nitamjibu nini?