Ada ya Kilemba

Jumanne, 3 Februari 2026

Ujumbe umeingia kwenye simu asubuhi, nikiwa nakata gauni la mteja. Umetoka kwa kampuni inayotunza akiba ya elimu ya Tausi, binti yangu aliye chuoni Dar. Mwezi huu wanapeleka kwa watu wa kodi majina ya wote waliotoa pesa mwaka jana. Aliyetoa kwa ajili ya ada alete risiti za chuo. Asiye nazo atakatwa kodi kwenye faida, na atajieleza.

Risiti! Nitazitoa wapi? Ada ya Tausi wanalipa wafadhili, yote, hata shilingi yangu haijaingia. Ndiyo maana niliona ile akiba imekaa bure. Mwezi wa kumi na moja nikaitoa, kaka yake Rahimu akaoa Pangani.

Mkasi umeniteleza. Gauni la watu nimeliharibu.

Jumatano, 4 Februari

Nimekumbuka yote. Yule kijana wa dirishani pale kwenye kampuni, Manase, mtu wa Lushoto, mpole — aliniuliza pesa ni za nini. Nikamwambia za ada. Kwani uongo? Kilemba cha baba wa bibi harusi, mkaja wa mama yake, kufungua mlango — sisi hizo tunaziita nini? Ada! Yeye akaandika. Akasema Mungu amsaidie mtoto asome amalize. Nikaitikia amina. Nilidhani ananiombea tu, kwa wema wake.

Sasa nani ataniamini?

Mume wangu, Nasri, anasema ninyamaze, watasahau. Baadaye akasema yupo mtu anamjua Horohoro, anatengeneza risiti za kila namna. Nikamwambia asilirudie neno hilo ndani ya nyumba hii.

Ijumaa, 6 Februari

Tausi kapiga. Nikamuuliza mambo ya ufadhili kwa mbali, kama sina langu. Anasema kila muhula wanakaguliwa, mpaka kwa watu wa kodi wanaulizia. Wakikuta ada ya mtu imelipwa na mwingine pia, wanamfuta, na anadaiwa ya nyuma yote. Mwenzake Beatrisi yamemkuta. Kafungasha, karudi kwao Muheza.

Basi nimekwisha. Kwa maandishi ya Manase, ada ya Tausi nimelipa mimi. Kodi siiogopi, ningeshona hata magunia nikailipa. Ninachoogopa ni mtoto aliyefika mwaka wa tatu wa udaktari afukuzwe kwa neno langu moja.

Nilitaka kumwambia. Nikamuuliza kama amekula.

Jumapili, 8 Februari

Sijashona. Jirani, Shadya, kaja na kitambaa chake, nimemwambia mashine mbovu. Simu ikilia nashtuka.

Jumatatu, 9 Februari

Naandika nimekaa kwenye benchi, nje ya ofisi ya kampuni.

Nimemweleza Manase kila kitu. Hakunielewa. Akauliza, mama, kilemba kinasomewa chuo gani? Nikacheka, na machozi yakanitoka hapo hapo. Ikabidi nimweleze harusi yetu tangu posa. Akasema kwao ada ni ya shule tu, basi. Ndipo na yeye akaingiwa na hofu — kaandika “ada ya chuo” kwa mkono wake, na saini yake ipo chini. Akaenda kufunga mlango.

Halafu akasema inarekebishika, maana majina hayajaondoka. Ataandika pesa haikwenda chuoni, nami nitalipa kodi ya faida. Hapo wafadhili hawataona ada iliyolipwa mara mbili. Nilitaka kumbusu mkono. Lakini akiba ni ya jina la Tausi. Lazima naye athibitishe, hata kwa simu, kwamba anajua imetoka na haikumsomesha. Tena leo, kesho majina yanakwenda.

Tausi hajui. Pesa yake ndiyo iliyomwoza kaka yake, na yeye kwenye harusi hiyo kacheza mpaka viatu vikakatika.

Nikatoka kumpigia. Akaniamkia, nikaitikia, na kabla sijaanza akanichekea. Anasema tangu Ijumaa kanijua nina wasiwasi na ufadhili wake, basi nitulie, karatasi za muhula kazipeleka asubuhi hii. Safari hii wameuliza kama nyumbani kuna akiba yoyote ya masomo. Kawajibu ipo, yote, haijaguswa. Kaapa, na saini katia.

Nikamwambia vizuri, mwanangu. Nikakata.

Anapiga tena. Sijapokea. Manase katoa kichwa mlangoni, ananiuliza kama binti amekubali.