Kidole cha Fundi

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Buwenge nimewavunja mbavu! Bibi mmoja wa kiti cha mbele alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamdondokea kwenye wali. Mwanzoni, aliposikia ninaongea Kiswahili, alikumbatia mkoba wake. Wazee wa huku wakisikia Kiswahili, kwao lugha ya jeshi, wanadhani wanajeshi wamerudi kuchukua kuku. Mwishoni alikuwa ananiita mwanangu.

Bado siamini kwamba watu wananilipa kwa mdomo huu huu uliofanya nichapwe darasa la tano. Kijana wa Kiteso, binti wa Kisoga, siku ya kijana kutambulishwa ukweni inafika, na hakuna ukoo unaokubali kushindwa kwa lugha ya mwenzake. Basi anaitwa Ketty, mtoto wa askari magereza, aliyezaliwa kambini na mama wa Bungoma. Ukoo wa kijana unakaa kimya, mimi nawasemea. Mwanamke! Na kipaza sauti!

Jambo moja tu. Ile ya jogoo. Nilipomkabidhi shemeji, kaka wa binti, jogoo wake wa desturi, nikasema kama kawaida: tumemkagua, huyu anafuata matetea, si kama majogoo wa siku hizi wanaofuatana wenyewe kwa wenyewe. Watu hoi! Lakini ngoma haikulia. Fundi wangu wa mitambo ana kitufe chekundu. Mimi nikimaliza utani anabonyeza, ngoma inapiga, kicheko kinapanda mara mbili. Miaka mitatu hajawahi kukosa. Leo kimya. Nikageuka kumtazama. Alikuwa anatazama nyaya.

Mashine yenyewe ya mtumba. Kesho nitamwambia.

Jumapili, 3 Agosti

Baada ya ibada nimepita kibandani kwa Fundi, hapa Jinja. Redio zimejaa mpaka mlangoni, zote zimepasuliwa matumbo. Nimempelekea chapati na maharage. Nikamwambia kitufe chako kimekufa, kitatuaibisha mbele ya watu. Akasema kitufe ni kizima. Akabonyeza—bum! Kuku wa jirani wakaruka ukuta.

Nikauliza, sasa jana ilikuwaje?

Akaendelea kuchomea waya wake. Halafu akasema polepole, "Kitufe hakijachoka, Ketty. Kidole ndicho kimechoka."

Nikacheka. Mimi hucheka kwanza, akili inafuata nyuma kwa miguu. Yeye hakucheka. Akili ikafika.

Miaka mitatu. Karibu kila Jumamosi. Mimi namcheka yeye bila kujua, yeye anabonyeza. Halafu tunarudi nyumbani kwenye pikapu moja, mimi nikimsimulia jinsi walivyocheka!

Akasema, sijasema kitu. Nikasema, na mimi sijasikia kitu. Tukala chapati. Pilipili ilikuwa nyingi, kwa hiyo machozi hayakuhitaji maelezo.

Naona aibu. Aibu kweli kweli. Na kitu kingine, sijui nikiite nini, kama furaha—kwamba ameniambia mimi. Kati ya watu wote wa Jinja, mimi mwenye mdomo mkubwa kuliko wote!

Nashukuru Mungu sijawahi kuandika jina lake humu. Kila mtu anamwita Fundi, na mimi pia. Itabaki hivyo. Kwa sheria ya sasa juu ya watu kama yeye, hata daftari linaweza kumfunga mtu.

Jumanne, 5 Agosti

Masikio yangu yamezibuliwa. Nimesikia utani kama ule wangu wa jogoo mara tano kabla ya chakula cha mchana. Tano!

Muuza chapati kwa kijana mwenye shati la waridi. Mtangazaji wa redio kwa golikipa aliyedaka vibaya. Mwanamume aliyeomba chai isiyo na tangawizi akaulizwa na rafiki zake kama yeye ni wa wale. Kwa ajili ya tangawizi jamani! Konda kwa abiria aliyekataa kubanana. Mzee mmoja kwa mbuzi wake. Mbuzi!

Wa sita nilikaribia kuwa mimi. Kijana wa boda aliniambia anaogopa kupita njia ya makaburi, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe, "Wewe mwanamume gani, au ni—" Nikaumeza ulimi. Akaniuliza, au ni nini, aunti? Nikamwambia, au ni Mkatoliki. Akasema ndiyo, ni Mkatoliki. Nilicheka peke yangu mpaka sokoni.

Alhamisi, 7 Agosti

Lazima niandike kabla sijalipuka!

Saluni. Brigid ananisuka, mvua inanyesha. Mwanamume akapita nje na mwavuli wa maua, maua makubwa, mekundu. Brigid akasema, huyo naye ni wale wale. Wanawake wote wakaguna hmm. Kichwa changu kiko mikononi mwa Brigid, nusu kimesukwa, siwezi hata kukimbia. Nikauliza tu, kwa upole kabisa:

"Wale gani? Wale wasiotaka kulowa?"

Saluni nzima chini! Brigid alicheka mpaka akaniangushia kitana mgongoni. Mama mmoja akasema na yeye basi aletewe wa aina hiyo, wake anarudi amelowa na tope anamwachia afue. Hakuna aliyekasirika. Hakuna aliyeniangalia vibaya. Na yule mwanamume akaenda zake salama na maua yake.

Nimerudi nikiruka madimbwi kama mtoto. Nikapita kwa Fundi, nikamsimulia mlangoni, viatu mkononi. Akanyoosha mkono, akabonyeza kitufe. Bum!

Jumapili, 10 Agosti

Afande Douglas amepiga simu. Ni bosi wa zamani wa baba magereza, na Jumamosi ijayo tunampeleka mpwa wake Jude kujitambulisha Malukhu, Mbale. Mahema manne! Wageni mia tatu! Nikifanya vizuri pale, kazi za Mbale yote zitakuwa zangu.

Alitaja soda, alitaja mbuzi, halafu akasema, "Ketty, ile ya jogoo hapana sahau. Mimi nimeambia watu yangu yote. OC wa polisi, mkubwa ya kituo, anakuja, anataka kusikia hiyo tu."

Nikasema ndiyo, afande. Ndiyo! Kama mjinga.

Halafu akauliza huyo Fundi wako anakuoa lini. Mama naye huniuliza kila Krismasi. Nikasema, afande, mimi na Fundi tumeoana na spika.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimemwambia Fundi siisemi tena. Nilitegemea atafurahi. Akakasirika!

Akasema, uliisema miaka mitatu, ukiiacha ghafla mbele ya meza ya polisi, wataanza kujiuliza kwa nini. Wataanza na wewe, wataishia kwangu. Sema tu, Ketty. Nitabonyeza.

Nikasema hapana. Akasema ndiyo. Tukabishana kuhusu jogoo kama mume na mke, mpaka jirani akaja kuamua. Tukamwambia tunagombania supu.

Baadaye hasira zikaisha tukaanza kutunga utani mwingine wa kuziba pengo. Jogoo ambaye hajawahi kuchelewa kazini, tofauti na askari magereza. Jogoo aliyesoma mpaka darasa la saba. Jogoo anayeogopa Mlima Elgon kwa sababu ya baridi. Fundi aliigiza jogoo amevaa sweta. Nililia kwa kucheka, mbavu bado zinauma. Sijui kwa nini sikumjua mtu huyu kwa miaka mitatu.

Lakini tulipoagana akarudia, sema tu.

Ijumaa, 15 Agosti

Gomesi mpya, vazi langu la sherehe! Kijani, mabega yamesimama kama paa la kanisa. Mama amesema nimependeza, nimuulize Fundi. Jogoo amefungwa jikoni, anawika saa za ovyo. Utani mpya nimeuandika kurasa za nyuma, mistari kumi na mmoja. Ile ya zamani nimeikata kwa wino. Halafu nikaiandika tena chini, ndogo, endapo.

Najichukia kwa hiyo "endapo".

Jumamosi, 16 Agosti. Malukhu

Naandika ndani ya hema, daftari gotini, jogoo kwapani. Wanadhani napanga maneno ya ukoo.

Asubuhi yote imekuwa tamu! Jogoo wa sweta—walikufa kwa kicheko. Askari magereza kuchelewa kazini—hata OC alipiga meza. Fundi alibonyeza kila mahali pake, bum, bum, na mara moja akabonyeza mara mbili kwa raha zake. Nikafikiri nimevuka. Nikafikiri hakuna atakayekumbuka.

Halafu Makokha akasimama. Ndiye msemaji wa upande wa binti, mfanyabiashara Mkenya, kanzu nyeupe pe, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Nilipomnyooshea shemeji jogoo, Makokha akamzuia mkono. Akasema, "Pole pole, dada Ketty. Siku hizi dunia imechafuka. Kabla hatujampokea huyo jogoo, na kabla hatujamtoa Olivia wetu, tuhakikishie hadharani: huyo kijana wenu si wa wale?"

Mahema manne yakalipuka. Kumbe Afande Douglas alimwomba! Kumbe walipanga! Ananitazama sasa hivi, amefurahi kama mtu aliyeniletea zawadi.

Nikafanya kitu kimoja tu nilichoweza. Nikaomba dakika tano ukoo ushauriane. Ni desturi, hawawezi kukataa. Wakapiga makofi, wakadhani ni sehemu ya mchezo.

Dakika tatu zimekwisha. Afande ameniinamia sikioni, "Toa ile! Toa sasa! Wewe nangoja nini?" Jude, bwana harusi mwenyewe, anafuta jasho. OC amegeuza kiti chake kabisa. Jogoo amejisaidia kwenye gomesi yangu mpya. Nimeanza kucheka na siwezi kuacha. Bado nacheka, Mungu nisaidie.

Nina mstari mdogo ule niliouandika "endapo". Nikiusoma, kila mtu anakwenda nyumbani salama. Hata Fundi. Yeye mwenyewe alisema.

Na nina maneno mengine mawili. Wale gani? Yalifanya kazi saluni. Hapa si saluni.

Nimekata ule mstari. Nimeukata mpaka karatasi imetoboka.

Makokha anaita jina langu. Wameanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Kipaza sauti kimewaka. Fundi ameweka kidole juu ya kitufe, kama alivyoahidi. Safari hii hatazami nyaya. Ananitazama mimi.