Kaburi la Babu Aliye Hai

Kiwalani,
Dar es Salaam.
19 Aprili 2024

Mpendwa Shangazi Sekela,

Shikamoo. Unaendeleaje, na ile miguu imeacha kuvimba? Mimi mwili mzima ila moyo haujatulia. Babu Gibson, mzaa mama, anazidi kudhoofu, na tangu baba na mama wafariki ndiye niliyebaki naye.

Sikupiga simu kwa sababu jambo lenyewe limo kwenye bahasha hii. Soma kwanza, usikitoe kipande kilichomo.

Wiki iliyopita mvua iliingiza maji ndani. Nikaokoa sanduku la bati la Babu, lile nililokatazwa hata kulifuta vumbi, nikalifungua vitu vikauke. Ndani mlikuwa na mkanda wa sinema ya zamani. Niliuinua dirishani nikaona vipicha vya mtoto anayefunikwa sanda, watu wanalia. Uso ulikuwa wa Babu, na kovu lake la kwenye paji.

Shangazi, niliogopa. Kwenye msiba wa baba niliwasikia mkinong'ona kwamba Babu ni msukule, mfu anayetembea, ana kaburi na msalaba huko Tukuyu. Siku tatu nikawa namchungulia akila. Wanasema msukule hula pumba, na Babu hataki ugali mwingine ila wa dona, wenye pumba zake!

Mwisho nikamuuliza, akalia. Alikuwa na miaka minane, akiishi Dar kwa mjomba wake, Wazungu wakamwigizisha mtoto aliyekufa kwa kucheleweshwa kupelekwa hospitali. Gari la sinema likaifikisha picha hiyo kijijini. Mama yake akamwona mwanawe amekufa. Wakazika mgomba badala ya mwili. Aliporudi likizo, mama yake alianguka mlangoni, hakuinuka tena. Wazee wakamfukuza kama msukule. Mkanda alipewa na mpiga picha, na hajawahi kuutazama. Anasema ndio uliomuua mama yake.

"Mie sitaki kuzikwa ugenini, Asi," aliniambia. "Lakini kule nishazikwa. Sasa watanizika wapi?"

Jana nikautazama mkanda mpaka mwisho. Kuna picha ambazo nadhani kijijini hawakuonyeshwa: mtoto anafunua sanda, anakaa, anacheka, na waliokuwa wakilia wanacheka naye. Nimekikata kipande hicho kwa mkasi. Babu hajui, na naogopa akijua.

Kiinue kwenye mwanga mbele ya Mzee Gervas, ambaye mpaka leo hataki Babu akanyage huko kijijini. Aung'oe ule msalaba, tumlete Babu nyumbani angali anatambua watu. Daktari ametuambia tusipoteze siku.

Nisalimie binamu Edgar na Bibi Genoveva. Mungu awalinde, awalainishe wazee mioyo.

Fanya haraka, Shangazi. Safari hii Babu akifunikwa, hataamka.

Ni mimi nikupendaye, mtoto wa kaka yako,
Asifiwe