Dawa ya Daktari Inampitishia Kaka Yangu Swala

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na unisikilize mpaka mwisho kwa sababu hapa nyumbani Riruta hakuna anayenisikiliza. Kaka yangu Idarus, aliyekuwa na duka la vitambaa kule mjini, ana kansa ya tumbo, hospitali walimlaza wee, mwishowe wakasema mchukueni nyumbani hatuna la kumfanyia, basi nikamchukua mimi, maana mkewe alishatangulia mbele ya haki, na kazi yenyewe silalamiki, namwosha, namgeuza, namsomea Yasini. Ninayemlalamikia ni daktari.

Huyu daktari, Muthama, huja na gari lake akitoka kazini, haleti sindano, haleti maji ya kutundika, anavuta kigoda anakaa kama mgeni aliyekuja kunywa chai, umelalaje, unapata choo, wapi panauma, mara nasikia kaka anamwambia, "Leo umeniletea dawa au porojo?" naye anajibu, "Porojo, mzee wangu, dawa anayo dada yako," wanacheka, mshauri, mtu anakufa na wao wanacheka! Nilipomwuliza mbona hatibu akaniambia, "Mama, kumponya siwezi. Maumivu naweza kuyapunguza, na ndiyo kazi niliyobaki nayo." Tena ati nisimlazimishe uji.

Hiyo dawa yenyewe ni maji machungu ya chupa, ati nimpe kijiko asubuhi, mchana, jioni na usiku, aumwe asiumwe. Nikampa. Siku ya kwanza akalala mpaka adhuhuri ikampita na alasiri ikampita, Idarus, ambaye tangu utoto wetu Lamu sijamwona akikosa swala, nami nimekaa pale nalia, nawaza, akifa usingizini bila kutamka shahada nitamjibu nini Mola wangu? Nikaiweka chupa juu ya kabati nyuma ya vikombe. Sasa nampa nusu kijiko, tena anapopiga kelele tu, asije akaizoea, na naona ameshaanza kuizoea, maana ananiita, "Mwanasiti, nipe ile dawa yangu, nakuomba," mtu mzima ananililia kama mtoto, moyo unanikatika lakini nakaza kwa ajili ya akhera yake. Daktari alipogundua alinikaripia, nyumbani kwangu mwenyewe! Yeye si Mwislamu, atajua nini? Ijumaa anarudi. Je, nimfungie mlango? Nimrudishe kaka hospitali wakamtundikie maji? Nifanyeje?

Mwanasiti, Riruta

Dada Mwanasiti,

Kumwosha na kumgeuza mgonjwa wa namna hiyo si kazi ndogo, wengine wangemkimbia. Hilo nakupa kwa moyo wote. Lakini barua yako imeniudhi, na nitakwambia kwa nini.

Unasema kaka yako ameizoea dawa. Ameizoea vipi dawa usiyompa? Anaiomba kwa sababu anaumwa! Wewe jino tu likikuuma usiku ungeamsha Riruta nzima. Ukingoja mpaka apige kelele, maumivu yameshapanda na kuyateremsha ni shida; ukiwahi, hayapati nafasi. Ndiyo maana ukaambiwa aumwe asiumwe. Na ule usingizi wa siku ya kwanza, hukufikiri ni mtu ambaye hajalala vizuri kwa muda gani? Mara nyingi hupungua baada ya siku chache. Usipopungua, wa kuambiwa ni daktari, abadilishe kipimo, si kabati.

Habari ya swala sikutaka kujijibia. Nilimwuliza mwalimu mmoja wa madrasa hapa mjini, mtu mkali kuliko wewe. Akasema mgonjwa husali amelala, kwa ishara ya kichwa, na iliyompita usingizini ataisali akiamka. Kisha akaniuliza, "Nani amemwambia huyo mama kwamba kumwacha ndugu yake aumwe ni ibada?" Nikamwambia jibu nitaliomba kwako. Wewe unalo?

Karatasi nzima umeijaza akhera ya Idarus, na Idarus mwenyewe hukumwuliza anataka nini. Ana akili zake timamu, anataniana na daktari. Katika barua yako yote kaka yako amecheka mara moja tu, na aliyemchekesha ndiye unayetaka kumfungia mlango!

Hospitali usimrudishe, wameshakwambia mwisho wa uwezo wao. Teremsha hiyo chupa leo, mpe kijiko kama ulivyoagizwa, usipunguze na usizidishe. Akikataa uji, mwache. Ijumaa mfungulie daktari, mtake radhi, umweleze waziwazi hofu yako ya shahada, naye atazame namna kaka yako atakavyokuwa macho bila kuteseka. Na Idarus akishatulia, kaa karibu naye, itamke kalima ya shahada taratibu, kwa sauti ya chini, bila kumshurutisha. Mtu anayejikunja kwa maumivu hasikii hata jina lake, sembuse kalima.

Sasa kunja gazeti uende. Anakuita.