Bunduki ya Baba Mkwe Haikatwi Kitako

Mpendwa mshauri,

Mume wangu Luhaga alipoteza jicho la kushoto asubuhi ya tarehe tisa Mei mwaka huu, na bunduki iliyosababisha nilikuwa nimeishika mimi, mke wake, ndiyo maana naomba msaada wako bila kuzunguka.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, naishi Lalago, kimo changu ni sentimita mia moja arobaini na tisa na uzito kilo arobaini na sita hata nikiwa nimeshiba, na sisemi hivi kwa kujidharau, nasema kwa sababu swali langu lote liko ndani ya vipimo hivyo. Nilianza na beseni moja la viazi vya kuchemsha pale stendi, leo nina ekari saba za viazi vitamu na kina mama wanaonimenyea na kukata michembe, vile vipande vyembamba vya kukausha, inaanikwa juu ya mawe, inakauka, inaingia kwenye magunia na kupanda lori kwenda Mwanza na Kahama, na hakuna mtu wa kwetu wala wa kwa mume wangu aliyewahi kunipa hata mpini wa jembe.

Tangu mwaka juzi nguruwe pori wameniingilia, wanachimba kama wameajiriwa, wakimaliza tuta moja wanahamia la pili, na ukienda asubuhi unakuta udongo umefunuliwa na viazi vimeng'atwa nusu nusu. Kijiji kilipata kibali cha kuwapunguza, ila bunduki kwenye ukoo wa mume wangu ni moja tu, shotigani ya mitutu miwili aliyoiacha baba mkwe, marehemu mzee Mayige, na leseni sasa iko kwa jina la shemeji yangu Mahona. Mahona akaja mara mbili, mara ya tatu akasema mgongo unamuuma, akaniita kwa jina la baba yangu, akasema, "Wewe Ng'wana Malimi si unajiweza kwa kila kitu, njoo nikufundishe, utawapiga mwenyewe." Nilifurahi, sikufichi, nilijiona nimefika.

Siku ya kwanza ya mazoezi bega langu lilibadilika rangi likawa kama biringanya, na ncha ya chini ya kitako ilinichoma kifuani mahali ambapo mwanaume hana cha kuchomwa. Nikamwambia, "Shemeji, kitako hiki kinanizidi. Nikikiweka begani kidole hakifiki kwenye traiga, nikiifikia traiga kitako kimeshateremka mkononi."

Akacheka. "Ongeza ugali, shemeji. Bunduki hii imeua nguruwe wewe hujazaliwa."

"Basi tukate mbao kidogo. Fundi seremala yupo, ni sentimita tano tu."

Kicheko kikaisha hapo hapo. Akaniambia bunduki ile ilipakwa unga wa mtama siku mzee alipoileta nyumbani, na siku alipozikwa wazee wakaipaka tena na kuisemea maneno, kwa hiyo kukata kitako chake ni kumkata mzee bega. Luhaga alikuwepo, nikamtazama anisaidie, akatazama chini, akasema, "Vumilia tu, Ng'wana Malimi, ni msimu mmoja."

Nikarudi nyumbani nikachukua futi ya mshonaji, nikapima kutoka kwenye kiwiko nilipokikunja mpaka kwenye ncha ya kidole cha traiga, ikaja sentimita thelathini na moja na nusu. Kitako cha baba mkwe, kutoka traiga mpaka mwisho wa mbao, ni thelathini na saba. Mzee Mayige alikuwa mtu wa kuinama mlangoni, mimi napita mlango ule ule na beseni kichwani. Mtu haendi gulioni na mzani wa jirani, lakini mimi nilipelekwa porini na mkono wa marehemu.

Asubuhi ile tulikuwa watatu, mimi, Luhaga na Mahona, jua lilikuwa halijatoka vizuri, nguruwe wawili wakatokeza kwenye kichaka upande wa mawe, Mahona akanong'ona, "Piga," nami nikainua, kitako kikanasa kwenye sweta kabla ya kufika begani kwa sababu ya huo urefu wake, nikakiegemeza juu ya mkono, nikanyoosha kidole mpaka kikaifikia traiga ya mbele, nikapiga, bunduki ikanipiga teke la kunirudisha nyuma, kidole kikateleza kikavuta traiga ya pili wakati mitutu imeshageuka, marisau yakagonga jiwe kubwa, na kipande cha jiwe kikaruka mpaka alipokuwa amesimama mume wangu, pembeni, mahali ambapo Mahona mwenyewe alimwambia asimame. Nguruwe wote wawili waliondoka wazima.

Njiani kwenda hospitali Mahona akasema tukitaja bunduki leseni yake inakwenda na mimi nakwenda jela. Luhaga, kitambaa kikiwa usoni, ndiye aliyemwambia daktari kwamba alikuwa anapasua mawe ya msingi. Hakuniangalia, alisema tu, na daktari akaandika.

Sasa naomba unielewe kero yangu. Mahona anasema bunduki haina kosa, wazee ndio waliochukia mbao yao kushikwa na mwanamke, na anataka kondoo mweusi achinjwe kuwatuliza. Kondoo mweusi hapunguzi urefu wa mbao. Luhaga yeye anakula, anakwenda kuangalia ng'ombe, anarudi, na tukikaa kula anasogeza kigoda chake mpaka mimi niwe upande wa kushoto, upande usioona, na najua anafanya makusudi. Na nguruwe wanaendelea kuchimba.

Nimeamua kuomba leseni yangu mwenyewe na kununua shotigani ya kwangu. Nilikwenda Mwanza kwa muuzaji wa silaha kuangalia, akaniletea moja ya mtutu mmoja, nyepesi kabisa, akasema, "Hii ndiyo ya kina mama, utaibeba kama mwavuli." Nikauliza tundu lake, akasema namba kumi na mbili, risasi zile zile za bunduki ya Mahona. Kichwa changu kikakataa lakini sikujua kwa nini. Luhaga nilipomwambia alisema neno moja tu, "Tena," akatoka nje.

Mshauri, naomba unijibu mambo mawili. Bunduki ya kumfaa mwanamke mfupi anayeanza kuwinda inachaguliwaje? Na je, nina haki ya kuinunua au sina? Naondoka Lalago kwenda Mwanza Ijumaa ya tarehe kumi na mbili Septemba, saa nne asubuhi. Nijibu kabla ya hapo, ndiyo au hapana, na usinipe methali.

Domitila, Lalago

Mshauri anajibu

Domitila, nimekuita hivyo kwa sababu majina yote nimeyabadilisha kabla ya barua yako kuchapwa, na utaona kwa nini. Pole. Pole sana kwa mumeo, na pole kwako pia.

Hapana. Ijumaa hiyo usiende Mwanza.

Kwanza nikupe haki yako, maana inaonekana hakuna aliyekupa. Vipimo vyako ni sahihi. Bunduki ile haikuwa ya mwili wako, na waliokuona unahangaika nayo wakakuambia uongeze ugali walikosea, na mumeo aliyetazama chini alikosea. Nimeongea na Mzee Kasmiri, askari wanyamapori mstaafu hapa Bariadi, nikamsomea barua yako. Nilipofika pale kitako kilipong'ang'ania sweta akasema, "Mbao ndefu hiyo. Angeiweka chini hapo hapo."

Na hapo ndipo ninapokugombeza. Angeiweka chini hapo hapo. Wewe mwenye futi mkononi, wewe uliyejua tofauti ni zaidi ya sentimita tano, uliinua, ukaegemeza mkononi, ukapiga. Mahona alisema piga, lakini kidole kilikuwa chako. Mbao ina sehemu yake katika jambo hili na wewe una yako, usiitupie mbao yote.

Swali la kuchagua nitakujibu, kwa sababu ipo siku huenda likakufaa, na kwa sababu wapo kina mama wengine wanaouziwa miavuli. Kichwa chako kilikataa kwa haki. Bunduki nyepesi yenye risasi nzito, teke lote linakuja kwako. Mzee Kasmiri anasema mtu wa mwili wako aanze na namba ishirini, ambayo risasi yake ni ndogo, uzito wa bunduki uwe karibu kilo tatu kasoro, isiwe chini sana ya hapo. Kitako kiwe kama sentimita thelathini na mbili, na fundi wa silaha akichonge, seremala wa vitanda asiguse. Mwisho wake uwe na mpira, na ncha ya chini igeuzwe nje kidogo isikuchome kifua. Ukiwa dukani, bunduki ikiwa tupu na muuzaji ameihakikisha mbele yako, fumba macho, iinue begani, kisha fumbua. Ukiona moja kwa moja juu ya mtutu bila kusogeza shingo, hiyo inakufaa. Ukilazimika kunyanyua kichwa au kukitafuta kitako, irudishe, hata akuambie nini. Uliza pia jicho lako lipi ndilo linaloongoza katika kulenga, maana wengi hatujui. Ujifunze kwa mwalimu anayetambulika, kwa risasi nyepesi, uanze na kanga. Nguruwe waje baadaye sana, na wakati huo mtu yeyote asiyepiga asimame nyuma yako. Si pembeni, hata kama shemeji ndiye aliyepanga.

Sasa sehemu ngumu. Unataka leseni kwa jina lako, na chini ya jina hilo kuna uongo uliosemwa hospitali. Utakapoulizwa kama umewahi kutumia silaha utajibu nini? Ulipiga bunduki yenye leseni ya mtu mwingine na mtu akaumia. Hilo lina jina lake kisheria, kwako na kwa Mahona. Tafuta wakili, kuna wanaosaidia kina mama bila malipo, umueleze yote, kisha mwende naye polisi mkaseme. Inawezekana usipewe leseni kamwe. Inawezekana ikawa mbaya kuliko hapo, na sitakudanganya kwamba najua itaishia wapi. Lakini ukinunua bunduki juu ya uongo huo, Mahona atakushika kwa huo uongo maisha yako yote, kila mkikosana juu ya mpaka au ng'ombe. Kondoo wao waache wachinje, usigombane nao, ila kondoo asichukue nafasi ya polisi.

Viazi vilivyobaki vuna mapema, vyote, hata vidogo, ukate michembe. Nenda kwa afisa wanyamapori uombe askari waje wenyewe. Utapoteza matuta mengine msimu huu. Poteza.

Na kabla ya wakili kuna mtu mwingine. Barua yako imepima kitako, imepima mkono, imepima kimo cha marehemu. Jicho la mumeo limepata sentensi moja, ya kwanza, na hata hiyo ilikuwa na bunduki ndani yake. Hukuniandikia kama analala. Hukuniandikia kama amerudi kwa daktari, au kama la kulia linaona sawa. Umeniambia kigoda anakisogeza makusudi. Labda. Labda anataka ulione lile kovu kila unapokula, labda hataki kukuona wewe. Mimi sijui, na wewe hujui, kwa sababu hujamuuliza. Mtu huyu, damu ikimtoka, alidanganya ili wewe usifungwe. Uongo ule ni wake pia, kwa hiyo huwezi kwenda polisi kuufungua bila ruhusa yake.

Leo jioni usimwambie habari za Mwanza, wala za mbao, wala za Mahona, na usimuulize kama amekusamehe. Chukua kigoda chako, kaa upande wake wa kulia, umuulize kama linamuuma. Kisha nyamaza, Domitila, mpaka ajibu.