Baba, Nimemwambia Daktari Habari Zako

Baba,

Tangu tulipokuzika nimekuwa nikizungumza nawe garini nikielekea kazini Eden Prairie, huku ughaibuni, kuwaogesha wazee wa watu. Leo nakuandikia kwa sababu naogopa, na hofu hii haisemeki nikiwa nimeshika usukani.

Mwangi ni mgonjwa. Mwangi wako, mjukuu uliyekuwa ukimwita "mimi mwenyewe" kwenye simu. Amelazwa Minneapolis, katika wadi ambayo mlango wake hufunguliwa na wauguzi tu.

Ilianza chuoni, wakati wa mitihani. Aliacha kulala. Akija nyumbani hapa Hopkins anaongea bila kituo, anacheka peke yake, anawapigia simu watu wa kanisa kuwaalika kwenye harusi isiyo na bibi harusi. "Mum, niko fit kabisa, sleep ni ya watu hawana plans," aliniambia, macho yakimetameta. Niliweka mwiko chini nikamtazama. Macho hayo nayajua, Baba. Ndiyo uliyokuwa nayo mwaka ule ulipowagawia wapita njia mahindi yote ya ghalani, huku ukiimba. Kisha ukaingia chumbani msimu mzima, hutaki mtu. Mama alitufundisha la kusema: "Baba ana malaria, imepanda kichwani." Hata kwenye mazishi yako, msomaji wa wasifu alisema malaria.

Daktari aliuliza kama kuna mtu kwetu aliyewahi kuugua hivi. Mume wangu alijibu upesi, "No, nobody." Alikuwa anakulinda wewe, baba mkwe wake, hakutaka kukuvua nguo mbele ya wageni. Mwangi alikuwa ameketi kati yetu, akitikisa goti. Lakini mimi nilisema. Yuko, ni baba yangu. Nikaeleza habari ya ghala, ya chumba, hata ya siku ile tulipokutafuta hadi mtoni tukiita. Nisamehe, Baba. Na usiponisamehe, basi, nimeshasema.

Shangazi amepiga simu kutoka huko nyumbani, anataka tumbadilishe Mwangi jina. "Mlimpa jina la mtu, mkampa na mzigo wake." Nami karibu niamini, maana ni mimi niliyempa jina lako, mtoto wa pili wa kiume kama ilivyo desturi, na nimemwita Baba tangu akinyonya. Nilimuuliza daktari, kwa aibu, kama ugonjwa unaweza kufuata jina. Hakucheka. Alisema ugonjwa wenyewe unaitwa bipolar, na hakuna anayejua chanzo chake kimoja. Kuna kitu hupita katika damu ya ukoo, ila wengi hukirithi na wakazeeka salama. Kuna jinsi ubongo unavyofanya kazi. Halafu kuna kukosa usingizi, mawazo mengi, bangi, msiba. Hivyo vinaweza kuuamsha kwa mtu aliye na mwelekeo huo tayari. Msiba! Mwangi alikulilia kuliko sisi sote, kisha akarudi darasani kama vile hakuna kitu.

Nikauliza, je, dada yake Wambui? Akasema hawezi kujua. Hilo ndilo linalonitetemesha, kwamba hata wao waliosomea hawajui. Sasa Wambui akicheka na simu yake, mimi nasikiliza kama kicheko kimezidi. Mtoto wa watu hawezi hata kufurahi kwa amani.

Siku ile niliyomwambia daktari habari zako, Mwangi hakuniangalia. Jana nilipomtembelea, dawa zikiwa zimempunguza kasi, aliuliza kwa sauti ndogo habari za babu yake, "So guka alikuwa nayo pia? And he was okay?" Nikamwambia ulirudi shambani, ukapanda kahawa upya, ukatusomesha, ukazeeka. Aliuvuta mkono wangu akaushika, jambo ambalo hajalifanya tangu awe mrefu kuliko mimi. Kisha akauliza ulifanyaje ili upone. Ulikuwa unahisi nini mle ndani. Nani alikusaidia.

Nilimwambia sijui, Baba. Tulikuwa na malaria yetu ya kuwaambia majirani, na katika miaka yote ile hakuna hata mmoja wetu aliyekuuliza.

Pumzika sasa, Baba yangu. Mwanangu nitamuuliza. Nakuahidi nitamuuliza kila mara, hata nikiwa naogopa atakachonijibu.

Binti yako,
Nyokabi